Wanaandika Kiingereza kunishinda, mbona hawaongei?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili Hangzhou, China, mwaka wa pili sasa. Maabara yetu ina watu wanane na mgeni ni mimi peke yangu, kwa hiyo kikao cha kila Jumatatu kinaendeshwa kwa Kiingereza kwa ajili yangu. Wenzangu wote wana alama za juu za Kiingereza. Dada mmoja tunayekaa naye meza moja ameshachapisha makala mbili kwa Kiingereza ambacho mimi sikiwezi. Lakini kikaoni wanasoma kwenye karatasi, na wakiulizwa swali wanainama. Huyo dada, nikiwa hapa kando yake, ananiandikia ujumbe kwenye WeChat badala ya kunigeukia. Profesa anasema ni aibu tu, ndivyo walivyo. Juzi wameniomba niwe nawafundisha kuongea kila Alhamisi jioni. Mimi si mwalimu, ni mtu wa kemia. Kwa nini wako hivi? Je, ni mimi ninayewatisha? Na nianzie wapi? Kuna na jambo dogo: mbona kila nikimwonyesha huyo dada picha ya kaka yangu anasema "she"?
Msomaji, Hangzhou

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hilo la kaka yako nitaliacha la mwisho, maana ndilo linalonifurahisha zaidi.

Tuanze na neno la profesa wako. Nilikaa Wuhan miaka minne nikisomea isimu, na mwaka wa kwanza mzima niliamini hivyo hivyo: Wachina wana aibu, basi. Kisha wenzangu wakanialika kula hotpot, chakula kinachopikwa mezani kwenye sufuria moja. Watu wale wale waliokuwa wakiinamisha vichwa darasani walipigiana kelele kuanzia saa moja jioni mpaka mhudumu akaanza kupandisha viti juu ya meza. Walibishana, wakataniana, mmoja akasimama kuigiza mwendo wa mkuu wa idara. Aibu gani hiyo inayokwisha mbele ya sufuria? Tangu siku hiyo nikaanza kujiuliza jambo jingine: Kiingereza chao kilijengwa kwa kazi gani?

Kilijengwa kwa mtihani. Mwaka 2001 wizara ya elimu ya China ilielekeza somo la Kiingereza lianze darasa la tatu la shule ya msingi, kwa hiyo yule dada wa mezani kwako huenda amelisoma miaka kumi na mitano. Miaka ya shule yote ilikuwa inaelekea siku chache za mwezi wa Juni, kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu unaoitwa gaokao. Mwaka 2024 waliojiandikisha kuufanya walizidi milioni 13. Katika mikoa mingi jumla ya alama ni 750, na Kiingereza kina 150, sawa na hisabati, sawa na Kichina chenyewe. Sasa shika hili: ndani ya hizo 150, sehemu kubwa ya nchi haina hata alama moja ya kufungua kinywa. Guangdong, Shanghai na Beijing zimeingiza sehemu ya kuzungumza, mtahiniwa akiongea na kompyuta. Kwingine ni kusikiliza, kusoma, kujaza nafasi na kuandika. Mwalimu mwenye darasa la watoto hamsini, ambaye naye anapimwa kwa matokeo yao, atafundisha kinacholipa. Wewe na mimi tungefanya vivyo hivyo.

Wakifika chuoni wanakutana na mtihani mwingine wa Kiingereza, CET-4, ulioanza 1987, na baada yake CET-6. Una alama 710, na zimegawanywa hivi: asilimia 35 kusikiliza, 35 kusoma, 15 kuandika, 15 kutafsiri. Mtihani wa kuzungumza upo tangu 1999, ila umewekwa pembeni, anayetaka afanye, asiyetaka aache. Kwa miaka mingi vyuo vingi vilimzuilia shahada asiyefaulu CET-4. Siku hizi vinalegeza. Xi'an Jiaotong ilitangaza mwaka 2023 kwamba haiutaki tena kama sharti la kuhitimu. Lakini waajiri wengi bado wanachungulia kama umefikisha 425. Basi vijana wanakariri maneno kwa orodha ya alfabeti, na moja ya maneno ya kwanza kabisa ni "abandon", yaani kutelekeza. Utani wa mabwenini ni kwamba wengi hulitii hapo hapo.

Wachina wenyewe wana jina la matokeo ya haya yote: yaba yingyu, Kiingereza cha bubu. Naona ni jina sahihi kuliko "aibu", kwa sababu bubu ana akili zake zote na ana mengi ya kusema.

Kabla hatujawacheka, tukumbuke kwetu. Mtihani wa Kiingereza wa KCSE nchini Kenya una sehemu nzima ya stadi za kuzungumza yenye alama 30, na hujibiwa kwa kalamu. Mtoto anaandika kwenye karatasi namna ambavyo angelitamka neno kama angeulizwa alitamke. Na wewe uliyesoma msingi kwa Kiswahili, unaikumbuka Januari ya Kidato cha Kwanza, mwalimu wa baiolojia akiuliza swali na darasa zima likiangalia madawati? Hakuna aliyesema Watanzania ndivyo walivyo.

Sasa nikupeleke ndani ya kichwa cha yule dada pale kikaoni, maana hapo ndipo penye jambo. Chukua maneno haya ya kawaida: kitabu nilichonunua jana dukani. Kiswahili kinataja kitabu kwanza, kisha kinaeleza ni kipi. Kiingereza nacho hivyo hivyo. Kwa hiyo wewe unapotoka Kiswahili kwenda Kiingereza unabadilisha maneno tu, foleni inabaki ilivyo. Kichina hutanguliza maelezo yote: jana mimi dukani kununua, halafu ndipo kitabu. Anayewaza hivyo akitaka kusema kwa Kiingereza lazima aigeuze foleni nzima, aliyekuwa nyuma aje mbele, kabla hajatoa neno la kwanza. Akiwa anaandika makala ana usiku kucha wa kuigeuza. Kikaoni ana sekunde mbili. Anapokuwa ameshaipanga sentensi, profesa yuko kwenye swali la tatu, na jibu lake zuri la swali la kwanza limebaki mdomoni halina pa kwenda. Ukimwona ameinama, mara nyingi yuko katikati ya kazi hiyo.

Ongeza namba. Wachina huhesabu kwa makumi elfu, neno lao ni wan. Laki moja na thelathini elfu kwao ni wan 13. Kuipeleka kwenye Kiingereza inabidi ufanye hesabu huku watu wanakutazama. Unalijua hili vizuri kuliko unavyodhani. Sisi tuna laki, na tuna saa zetu pia: nina hakika umeshawahi kumwambia mtu mkutane "two o'clock" ukimaanisha saa mbili asubuhi.

Halafu kuna ulimi wenyewe. Silabi ya Kimandarini huishia kwa irabu, au n, au ng' kama ya ng'ombe, na Beijing wana r yao. Zaidi ya hapo hakuna, wala konsonanti hazipandiani. Neno kama "asked" au "texts" kwao ni kichaka cha miiba. Sisi nasi silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu, ndiyo maana "shirt" ilipoingia pwani ikawa shati na "bank" ikawa benki. Wao huongeza irabu vilevile (Clinton kwa Kichina ni Kelindun), au huimeza konsonanti ya mwisho. Na bahati mbaya ni kwamba Kiingereza kimeificha sarufi yake humo humo mwishoni: s ya wingi, ed ya wakati uliopita. Mtu akiimeza, msikilizaji anadhani hajui wingi wala wakati, kumbe kwenye karatasi haikosi hata moja. Tena kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa wakati. Sisi tumezaliwa na li, na, ta na me, kwa hiyo wazo la kwamba kitenzi lazima kiseme ni lini halitusumbui. Mchina lazima alikumbuke kwa makusudi, kila sentensi, huku anageuza foleni niliyokwambia.

Sauti nyingine nitazipita haraka. "Think" kwao hugeuka "sink". Sisi tuliopata thelathini na thamani kutoka Kiarabu tumepona. Wale wa Hubei, Hunan na Sichuan, wengi wao huchanganya n na l. Jirani yangu wa Wuhan akisema "night" nilikuwa siwezi kujua kama anazungumzia usiku au taa. Wakenya wana r na l zao, wanajua kinachofuata: kucheka kwa darasa zima.

Na hapo ndipo tunamrudia profesa wako, kwa sababu hofu ipo, sikatai. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake wa Texas walitunga kipimo cha maswali 33 cha hofu ya darasa la lugha ya kigeni, na kimetumika sana China tangu hapo. Wachina wenyewe watakutajia neno lao mianzi, yaani uso, ile heshima ambayo ikikutoka mbele za watu umeadhirika. Ila jina hilo limekuwa jibu la kila kitu, na linaficha nusu ya mambo. Nusu ya kwanza ni kuogopa kukosea. Nusu ya pili, ambayo wageni hawaioni, ni kuogopa kupatia. Anayejibu sana kwa Kiingereza mbele ya Wachina wenzake anaonekana anajishaua. Darasani kwangu palikuwa na kijana aliyekulia Shanghai, Kiingereza kinamtoka kama maji, na ndiye aliyekuwa kimya kuliko wote. Nilipomuuliza alinijibu kwamba yeye ataondoka baada ya kipindi, lakini chumba analala na watu sita.

Yuko mtu mmoja, Li Yang, aliyedhani dawa ni kelele. Miaka ya 1990 alianza kujaza viwanja vya michezo, maelfu ya watu wakipiga mayowe sentensi za Kiingereza kwa pamoja, njia aliyoiita Kiingereza Kichaa. Koo zilifunguka kweli. Lakini walichopigia mayowe kilikuwa kimekaririwa vilevile, na uwanjani hakuna anayekuuliza swali la pili.

Je, ni wewe unayewatisha? Kidogo, ndiyo, lakini si kwa namna unayofikiri. Masikio yao yamefunzwa na kanda za mtihani, lafudhi ya Marekani au ya Uingereza, sauti ya studio. Kiingereza chako cha Kitanzania, kilichonyooka na kila silabi imepewa haki yake, pengine kingewafaa zaidi, ila hawajawahi kukisikia. Baadhi ya ukimya unaouona ni mtu ambaye hakukusikia vizuri na anaona vibaya kukuambia urudie. Punguza mwendo, usipandishe sauti. Na usishangae wakirudi kwenye Kichina ukigeuka tu: watu wawili wa lugha moja wakisemeshana Kimombo wanajiona wanaigiza. Wewe na mimi tungekaa Hangzhou tukaulizana habari kwa Kiingereza?

Sasa Alhamisi yako.

Usifungue "kona ya Kiingereza". Kona hizo ni desturi ya zamani huko. Ya Chuo Kikuu cha Renmin, Beijing, ya Ijumaa jioni, ina jina kubwa. Nimeshasimama kwenye kona za namna hiyo. Unazingirwa na watu ishirini, unaulizwa unatoka wapi, unapenda chakula cha China, unaweza vijiti, kisha anakuja mwingine na maswali yale yale. Wamefanya mazoezi ya kuuliza, hawakufanya ya kuendelea. Ni ndugu wa ile salamu ya vitabuni mwao, "I'm fine, thank you, and you?", ambayo wanaitoa hata kama wamevunjika mguu. Sisi tunayo yetu, ya kusimama wote na kumwitikia mwalimu kwa wimbo.

Anza na kazi yao wenyewe. Kila mtu aeleze alichofanya maabara wiki hiyo. Maneno wanayo tayari, wameyaandika kwenye makala, na fikra iko kichwani. Wagawe wawili wawili, wasiongee mbele ya wote. Mmoja aeleze kwa dakika nne. Kisha wabadilishane wenza, aeleze jambo lile lile kwa mtu mwingine kwa dakika tatu. Kisha kwa mtu wa tatu, dakika mbili. Walimu wanaiita 4/3/2, na sijaona zoezi la bei rahisi kama hilo. Raundi ya kwanza anageuza foleni kwa jasho. Raundi ya tatu foleni imeshageuka, inakaa sawa yenyewe, naye anashangaa kwamba maneno yanatoka bila kuitwa. Huko Kanada, Merrill Swain aliwatazama wanafunzi waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi, wanakielewa barabara lakini kuongea kwao kunachechemea, na mwaka 1985 akaandika kwamba kuelewa peke yake hakutoshi, lazima mtu asukumwe kutoa. Watu wako wameelewa miaka kumi na mitano. Hawajasukumwa.

Wakati wanaongea, usiwasahihishe. Andika kwenye daftari, na mwisho wa jioni toa jambo moja tu. Mwezi wa kwanza ningechagua zile s na ed za mwishoni, kwa sababu ndizo zinazowafanya waonekane hawajui wanachokijua.

Ukiuliza swali, nyamaza. Mary Budd Rowe alipima madarasa ya Marekani miaka ya 1970 akakuta mwalimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia swali au kumpa mwingine. Waliposogea hadi tatu, majibu yakawa marefu na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Hao walikuwa watoto wanaojibu kwa lugha yao. Wewe hesabu hadi kumi moyoni. Utaona kumi ni ndefu mno, utatamani kumsaidia. Usimsaidie.

Wafundishe kusita. Sicheki. Wewe ukipotelewa na neno kwa Kiswahili unasema yaani, unasema nanihii, na mwenzako anajua hujamaliza. Wao kwa Kichina wana zhege, zhege, zhege, mpaka neno lije. Kwa Kiingereza hawana kitu, kwa sababu hakuna mtihani unaompa mtu alama kwa kubabaika. Wakikwama wanakatika kabisa, na mwenye kasi anachukua zamu. Wape vijineno vitatu vinne vya kushikilia nafasi, "let me think", "what I mean is", "how to say this", na muwe mnavitumia kwa makusudi hadi viwe kama kukohoa. Kama ningeruhusiwa kufundisha kitu kimoja tu, ningefundisha hiki.

Kwa kikao cha Jumatatu, zungumza na profesa faraghani. Mwombe atume maswali yake mawili matatu Jumapili usiku. Kuwasilisha hakuwashindi, wanakariri. Kinachowaangusha ni swali la ghafla baada ya kuwasilisha.

Na jingine: wafanye wakuone ukikosea. Nusu saa ya mwisho iwe ya Kichina, wao walimu, wewe mwanafunzi. Kununua na kuuza kwa Kichina ni mai na mai, tofauti ni toni tu. Utamwambia muuza matunda kwamba unamuuzia yeye embe zake. Wacheke. Mimi nilifanya hivyo kwa bahati mbaya, mbele ya darasa, na wiki ile watu watatu walikuja kuongea nami Kiingereza bila kuitwa.

Yule dada wa WeChat mwache aandike. Ila usimjibu kwa maandishi. Soma ujumbe wake, mgeukie, jibu kwa mdomo, polepole, sentensi moja. Akiandika tena, jibu tena kwa mdomo. Usimwambie kwamba unafanya zoezi.

Haya, kaka yako. Kwa Kichina yeye mwanamume na yeye mwanamke hutamkwa sawasawa, ta. Kwa maandishi ziko herufi mbili tofauti, na ile ya mwanamke imeenea kwa kazi hiyo karibu karne moja tu iliyopita, chini ya mvuto wa lugha za Ulaya. Jicho lake linajua tofauti, ndiyo maana kwenye makala hakosei. Ulimi wake haujawahi kudaiwa. Sasa sikiliza: "amekuja", "yeye", "nimemwona". Kaka au dada? Kiswahili nacho hakidai. Bibi yangu aliyejifunza Kiingereza ukubwani alimwita mchungaji wa kizungu "she" mpaka anastaafu, na mchungaji mwenyewe alikuwa anaitika. Usimsahihishe huyo dada kabla ya mwezi wa tatu wa mazoezi. Kaka yako yuko Tanzania, hatasikia.